Nganya ya rangi za taifa: lipa hatua uliyoiona, si hatua uliyoahidiwa

Marekani kuna watu wanaochukua Ford za miaka ya 1930, wanatoa injini ya zamani, wanaweka kubwa zaidi, halafu wanaipaka gari nyekundu, nyeupe na buluu mpaka kwenye viti. Gari ya namna hiyo wanaiita hot rod. Sisi huku tunaujua ugonjwa huo kwa jina lingine: nganya.

Mwezi wa Oktoba mteja wetu mmoja alipigia kituo chetu cha huduma akiwa na wasiwasi mwingi. Kwa miaka tisa alikuwa makanga kwenye barabara ya Rongai. Sasa yeye na dada yake wamenunua matatu yao ya kwanza, Isuzu ya viti 33, kwa mkopo wa sacco. Mpango wao ulikuwa gari iingie gereji, ipigwe rangi za taifa nje na ndani, na itoke kabla ya Jamhuri Dei, tarehe 12 Desemba. Asubuhi hiyo alikuwa ametuma shilingi 80,000 za kuanza kazi. Nambari ya mwisho alibonyeza 6 badala ya 9. Pesa ikaenda kwa mtu asiyemjua.

Kosa la pili ndilo lililomuumiza zaidi. Alikaa karibu saa mbili kabla ya kutupigia, kwa sababu alidhani fundi yuko bize na atajibu tu. Tulipopokea simu yake tulizuia shilingi 45,000 zilizokuwa bado kwenye akaunti ya yule aliyepokea, na baada ya kuzungumza naye zikarudi. Shilingi 35,000 zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti. Hizo hatukuweza kuzirudisha. Tulimshauri aende kituo cha polisi, akaripoti na kupata nambari ya OB. Mpaka tunapoandika haya, hazijarudi.

Alitukubalia tusimulie kisa chake bila kumtaja jina. Halafu akatuambia kitu ambacho hatukutarajia: "Kujeni gereji muone hii kazi. Mtaelewa kwa nini mtu anaweza kutuma elfu themanini mbio mbio hivyo." Tukaenda, Kariobangi Light Industries, mara nne kati ya Oktoba na Desemba. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiwaambia wateja wetu walipe kazi kubwa kwa awamu. Pale gereji tuliona sababu yake kwa macho.

Rangi za bendera zinaanza na nyeupe

Mara ya kwanza tulikuta gari haina vioo vya pembeni, haina taa, haina hata viti. Mwenye gari alikuwa anazunguka zunguka.

"Mzee, mbona sioni hata tone la nyekundu?"

"Kijana, tulia. Nyekundu utaiona ukishaona nyeupe," fundi akamjibu bila kugeuka. Ni mtu wa makamo, na vijana wote pale wanamwita Mzee.

Kazi ya siku za kwanza haina urembo. Kutu inakwanguliwa mpaka chuma kinaonekana. Mabonde yanajazwa filla, kisha yanapigwa msasa: wa P80 kwanza, halafu P180, halafu P320. Baada ya hapo inapigwa praima, na praima nayo inalainishwa kwa msasa wa maji wa P600. Kama kuna shimo dogo au mkwaruzo hapa, rangi haitauficha. Rangi inayong'aa huonyesha kasoro zaidi kuliko praima isiyong'aa.

Mzee alitufunza njia rahisi ambayo mwenye gari yeyote anaweza kuitumia. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa karatasi au kitambaa chepesi, uipitishe kwenye bodi. Mahali inaposhika kuna chuma. Mahali inapoteleza, kuna filla nene chini yake, na filla nene ndiyo hupasuka gari ikianza kurukaruka kwenye mashimo ya barabara.

Halafu gari nzima ikapigwa nyeupe. Sababu ni kwamba nyekundu ni rangi dhaifu kufunika. Ukiipiga juu ya kitu cheusi au kijivu kilichokolea inatoka kama damu iliyokauka, na utapiga mikono mitano ukitafuta ule wekundu wa bendera. Juu ya nyeupe, mikono miwili mitatu inatosha. Pia bendera yetu ina mistari miwili myembamba ya nyeupe, mmoja kati ya nyeusi na nyekundu, mwingine kati ya nyekundu na kijani. Mistari hiyo Mzee haipaki mwisho. Anabandika tepu nyembamba juu ya ile nyeupe ya kwanza, kisha anapiga nyekundu, kijani na mwishowe nyeusi. Akitoa tepu, mstari mweupe uko pale, umenyooka kama umepigwa rula.

Nyeusi inakuja mwisho kwa sababu vumbi lake likirukia nyekundu, kazi ya siku mbili imeharibika. Paa nalo liliachwa jeupe. Nyeusi inavuta joto la jua, na abiria wa saa nane mchana hajali uzalendo wako kama anaiva.

Juu ya rangi zote kuna mkono wa mwisho, ule wa kung'arisha na kulinda, unaochanganywa na hadina. Kipimo kimeandikwa kwenye mkebe na fundi mzuri hakisii. Mchanganyiko huu una kemikali zinazoweza kumletea mtu pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Ukiona vijana wanapiga mkono huu bila vifaa vya kupumulia vinavyofaa, jua kuna mahali pengine pia wanapokwepa gharama.

Rangi ndiyo, bendera yenyewe fikiria mara mbili

Mpango wa kwanza wa mteja wetu ulikuwa bendera kamili ubavuni, ngao na mikuki miwili, halafu nembo ya taifa mgongoni. Dada yake ndiye aliyeuliza: "Hii inaruhusiwa kweli?"

Lilikuwa swali zuri. Kenya ina Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99. Inaweka mipaka kuhusu nani anaweza kupeperusha bendera kwenye gari, na inazuia kutumia alama za taifa kwa biashara bila idhini. Matatu ni biashara. Lakini hakuna anayemiliki nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe. Wakaamua kutumia rangi na maana yake: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na mali yake, nyeupe ni amani. Msanii akachora Dedan Kimathi kando ya mkanda mwekundu, na Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, kando ya kijani, akiwa na mche mkononi.

Kuna sheria nyingine ambayo kila mtu wa matatu anaifahamu. Tangu kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, mstari wa njano ni lazima. Michoro imepitia mengi tangu wakati huo. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliitetea hadharani kama kazi ya vijana, na Novemba 2018 serikali ikarudi barabarani na msako wa kanuni zile zile. Kwa hivyo Mzee alipima mstari wa njano kabla ya kitu kingine chochote, na michoro yote ikapangwa kuuzunguka. Vioo havikuchorwa. Na kwa kuwa gari ilikuwa ya rangi nyingine kwenye kadi, mwenye gari alianza mapema kushughulikia mabadiliko hayo NTSA. Ukingoja mpaka siku ya ukaguzi, gari mpya itakaa kando ya barabara huku mkopo ukihesabu siku.

Ndani ya gari, shida haiko kwenye viti

Viti vilifunikwa reksini nyeusi, vikashonwa kwa uzi mwekundu, na kila mgongo ukapewa ukanda wa kijani. Bendera haikushonwa kwenye viti. Dada yake alisema hataki mtu aikalie, na hakuna aliyebishana naye. Katikati ya dari wakaweka kitambaa chenye miraba ya shuka ya Kimaasai, nyekundu na nyeusi. Mikanda ya usalama ilipitishwa juu ya reksini, isifichwe chini yake, kwa sababu kuna mafundi wanaoshona kiti kizuri na kuuzika mkanda humo ndani.

Pesa nyingi huharibikia kwenye umeme. Isuzu nyingi za ukubwa huu zina betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24. Taa za mapambo na redio nyingi zinataka volti 12. Fundi mvivu huchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Siku ya kwanza kila kitu kinawaka. Baada ya muda betri moja inachoka, nyingine inajazwa kupita kiasi, na unanunua zote mbili. Njia ya sawa ni kuweka kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12, na kila laini ya taa, skrini na spika iwe na fyuzi yake. Waya usio na fyuzi, uliopita chini ya kapeti karibu na reksini, unaweza kuwa moto wa gari nzima.

Hizi ni kazi ambazo hutaziona gari ikishafungwa. Kwa hivyo ziangalie, na uzilipie, kabla dari halijafungwa.

Pesa ifuate mpangilio wa rangi

Hapo ndipo tulipoelewa. Mzee hawezi kupiga nyekundu kabla ya nyeupe, wala nyeupe kabla ya praima. Kila hatua inafunika ile iliyotangulia, na ikishafunikwa huwezi kuikagua tena. Lakini wenye magari wengi hulipa kinyume: asilimia 70 siku ya kwanza kwa kazi ya mwisho waliyoiona kwenye picha ya simu, halafu wanakosa nguvu ya kuuliza chochote katikati.

Mteja wetu, baada ya kupoteza zile 35,000, alikaa na Mzee wakapanga upya. Hatutataja hesabu yao halisi. Tuchukue mfano wa kazi ya shilingi 300,000, ambao ni mfano tu, si bei ya soko:

Vifaa, 110,000. Hizi usimpe fundi mkononi. Nendeni dukani pamoja, ulipe moja kwa moja kwenye nambari ya Till ya duka, risiti ubaki nayo. Rangi, thina, hadina, reksini na waya ni mali yako tangu siku hiyo.

Bodi na praima, 40,000. Lipa baada ya kupitisha sumaku na kuona praima haina mashimo.

Rangi zote nne, 40,000. Lipa tepu zikishatolewa na mistari imenyooka.

Msanii, 40,000. Kama ni mtu tofauti na fundi, mlipe yeye mwenyewe kwa nambari yake. Nusu akimaliza kuchora kwa penseli, nusu akimaliza rangi.

Viti, dari na umeme, 50,000. Gawanya mara mbili. Ya kwanza waya zikiwa bado ziko wazi na umeziona. Ya pili baada ya kuwasha kila kitu usiku kwa saa moja na kugusa waya uone kama zinapata joto.

Mwisho, 20,000. Baki nayo mpaka gari ipite ukaguzi na ifanye kazi wiki mbili.

Je, fundi atakubali? Tulimuuliza Mzee. Akacheka. "Mimi nakataa mteja anayenilipa pesa yote mara moja," akasema. "Huyo ndiye atakuja kila siku kunisimamia kichwani. Huyu wa kulipa hatua, tunaongea siku ya hatua tu." Akaongeza jambo muhimu: makubaliano ni ya pande mbili. Hatua ikikamilika na umeikagua, lipa siku hiyo hiyo. Fundi ana vijana wanaokula jioni.

Dakika moja kabla ya kubonyeza tuma

Turudi kwenye ile 6 na 9. Kwa pesa ya kiasi hicho, fanya hivi:

Usiandike nambari kwa kukariri au kwa kusomewa kwenye kelele za gereji. Ihifadhi kwenye simu kwanza, umpigie, simu iliyo mkononi mwake ilie mbele yako.

Tuma shilingi 50 za majaribio. Ada yake ni ndogo kuliko usingizi utakaokosa. Akithibitisha amepokea, ndipo utume zilizobaki kwa nambari ile ile iliyohifadhiwa.

Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama umekubaliana na fundi na jina ni la mtu mwingine, simama. Huenda ni mke wake, huenda ni dalali. Uliza kwanza.

Nambari ya Till au Paybill ni bora kuliko nambari ya mtu binafsi pale inapopatikana, maana jina la biashara linaonekana na kumbukumbu inabaki.

Ukikosea, usingoje. Usimpigie fundi kwanza, wala usimpigie rafiki. Tupigie sisi, ukiwa na ujumbe wa kuthibitisha mbele yako. Tunaweza kuzuia kiasi kilichobaki kwenye akaunti ya aliyepokea huku tukizungumza naye. Kilichokwisha kutolewa hatuwezi kukifuata, na tunapendelea kukwambia hivyo leo kuliko siku ukiwa unalia kwenye simu.

Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN ili "kurudisha" pesa. Anayeuliza ni mwizi. Mteja wetu alipigiwa simu mbili za namna hiyo siku ile ile, baada ya kuandika shida yake kwenye mtandao wa kijamii.

Na wewe fundi

Wateja hudanganywa, mafundi pia. Usikabidhi funguo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe unaweza kutungwa na mtu yeyote. Angalia salio lako mwenyewe. Na kuna wanaolipa, wanachukua gari, kisha wanaomba muamala urudishwe wakidai walikosea nambari. Ndiyo maana hatumrudishii mtu pesa bila kumsikiliza aliyepokea. Tukikupigia, jibu, na uwe na ushahidi: picha ya kazi, picha ya gari ikitoka, na makubaliano hata kama yameandikwa kwenye karatasi ya daftari na kusainiwa na wote wawili. Mzee anayo daftari moja kubwa, na kila gari ina ukurasa wake.

Tarehe 10 Desemba

Gari ilitoka gereji siku mbili kabla ya Jamhuri Dei, saa kumi na moja jioni. Ilikuwa imebaki hatua moja kwenye ukurasa wake wa daftari, ile ya mwisho. Vijana wa gereji zote za jirani walisimama kuangalia. Makanga mpya alikuwa ameshaanza kuning'inia mlangoni kabla hata haijawashwa.

Dada yake alipitisha kidole kwenye ule mstari mweupe kati ya nyekundu na kijani, kutoka mlangoni mpaka nyuma, akitafuta mahali palipopinda. Hakupata. Kisha akatugeukia.

"Hizo elfu thelathini na tano zilikuwa za skrini ya nyuma," akasema. "Tutaiweka Aprili, tukishapunguza mkopo. Tena hiyo nitatuma mimi."

Kaka yake hakubisha.

Kama una kazi kubwa ya kulipia msimu huu, iwe gari, nyumba au harusi, chukua karatasi leo uigawe kwa hatua unazoweza kuziona kwa macho. Na kama umetuma pesa mahali pasipo sawa, acha kusoma hii makala, utupigie sasa hivi.